Kabla Hujazitia Pesa za Upatu Kwenye Kamera

Mji Mkongwe,
Unguja.

Kwa shoga yangu Mwanakombo,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima wewe, mama na wanao, na watu wote wa hapo Wete. Huku sote wazima, alhamdulillahi.

Nimekufahamu: upatu ukikufikia ununue kamera, utengeneze ile filamu yako ya wanawake wa mwani, kisha uishi kwa kazi hiyo. Filamu itengeneze. Kamera usinunue, angalau si sasa. Filamu fupi za huku kwetu mara nyingi hazifi kwa picha. Zinakufa kwa sauti isiyosikilizika na karatasi zisizokuwepo. Mtu wa kuchagua filamu kwenye tamasha atavumilia picha yenye chembechembe, lakini mazungumzo yaliyomezwa na upepo hayavumilii hata dakika 2. Na filamu nzuri yenye wimbo usio na ruhusa hawezi kuionyesha hata akiipenda.

Kwa picha, simu nzuri ya kuazima inakutosha. Tia programu ya Blackmagic Camera, ni ya bure, ufunge fremu 25 kwa sekunde na shata, yaani muda wa kila fremu kupokea mwanga, 1/50 ya sekunde. Umeme wetu ni wa mapigo 50 kwa sekunde, kwa hivyo ukishuti kwa 30 na 1/60 kama simu inavyotaka, taa za ndani zitapepesa na hakuna wa kukutolea hilo baadaye. Kufunga fremu kuna faida nyingine: simu ikiachiwa hupandisha na kushusha kasi kadiri mwanga unavyobadilika, na ukikaa kuhariri, midomo iko huku na sauti iko kule. Pwani mchana utahitaji kichujio cheusi cha ND32 au ND64 mbele ya lenzi. Bila ya hicho, kwa shata hiyo picha itaungua kwa mwanga, na ukiiachia simu ipandishe shata yenyewe, watu wataonekana wanakwenda kwa kushtukashtuka.

Pesa zitie kwenye sauti: maiki 2 ndogo za kubana nguoni, kinasa sauti, hedifoni za kufunika masikio yote, na manyoya ya kuvisha maiki. Ile sponji inayokuja na maiki haifui dafu mbele ya upepo wa kusi. Rekodi kwa 48 kHz na biti 24, maneno ya kawaida yacheze baina ya desibeli -18 na -12. Mtu akipiga kelele ikagonga 0, sauti imekatwa kichwa, na hakuna programu ya kuirudisha sawasawa. Na huyo wa sauti asivue hedifoni hata kidogo. Macho hayawezi kukwambia kuwa waya umelegea.

Sasa, waigizaji wako wote wana mitandio, na hapo ndipo wengi wanaposhindwa. Maiki ikibanwa kifuani chini ya mtandio, kila akigeuka unasikia kitambaa tu. Iweke juu, kwenye ukingo wa kofia ya ndani penye paji la uso, waya upite nyuma ya sikio ushuke mgongoni. Chukua plasta ya kitambaa, ikunje pembetatu gundi ikae nje, fanya mbili, maiki iwe katikati: upande mmoja unashika kofia, wa pili unashika mtandio, kwa hivyo nguo haisugui maiki. Mtandio wa pamba hutulia, wa nailoni hulia, basi nguo zichague kwa masikio vilevile. Na anayebandika awe mwanamke, hili halina mjadala. Mwigizaji aliyeona haya asubuhi hakupi kitu kutwa nzima.

Sini za ndani zishuti mapema. Nyumba ya bati ikishapata jua, paa linaanza kugonga lenyewe, na mvua ikinyesha ndiyo basi tena. Zima pangaboi, zima friji, na funguo za gari zitie ndani ya friji hiyo. Hamtaondoka bila ya kukumbuka kuiwasha, na samaki wa wenyewe hawatawaharibikia. Chumba cha kuta za mawe kina mwangwi, kwa hivyo tandika majamvi na usimamishe magodoro nyuma ya kamera. Saa za sala ziandike kwenye ratiba ya siku. Misikiti haianzi adhana kwa pamoja, na sentensi iliyoanza na adhana kwa mbali haiungiki na iliyorekodiwa kimya. Simamisheni kazi dakika 10 kabla, watu wasali, mrudi. Kila mkimaliza pahala, rekodi sekunde 30 za chumba bila ya mtu kusema, na pwani dakika 3 za bahari peke yake. Usipofanya hivyo, kila unapokata picha bahari nayo itaruka, na mtazamaji atahisi kasoro hata kama hajui ni ipi.

Nije kwenye maji, maana hapo skripti yako ina mtihani mkubwa. Umeandika sini 3 za pwani, zote asubuhi jua likichomoza, wanawake wako kwenye mwani na maji yamekupwa. Lakini maji makavu ya kufanyia kazi ya mwani ni ya bamvua, yale ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na huku kwetu bamvua hupwa kiasi cha saa 4 asubuhi. Jua likichomoza saa 12 na nusu, hapo maji bado yako juu. Kwa hivyo chagua: ama sini iwe ya saa 4 na jua lake kali, ama wanawake wawe wanangoja maji, wamekaa ufukweni na kamba zao, jambo ambalo kwa maoni yangu ni sini nzuri zaidi kuliko uliyoandika.

Ukichagua saa 4, jua limeshapanda na ni kali, macho yanakuwa mashimo meusi. Shuka nyeupe ya mita 2 kwa 2 juu ya kichwa cha mwigizaji inalainisha, lakini ikipigwa na upepo inageuka tanga, basi weka watu 4, mmoja kila pembe. Halafu hesabu: maji huchelewa dakika 50 hivi kila siku. Mkiacha sini katikati leo saa 4, kesho maji hayo hayo mtayapata karibu saa 5, siku ya tatu karibu saa 6, na vivuli vyote vimehama. Tafauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua inafika kiasi cha mita 4. Pahala uliposimamisha kamera mkavu, baada ya muda si mrefu pana maji ya kiunoni. Kila sini ya pwani imalize siku hiyo hiyo. Ikishindikana, ngoja bamvua lijalo, kama wiki 2, ndipo saa na maji vikutane tena. Na usisahau mwani wenyewe: unaopandwa leo huvunwa baada ya wiki 6 hivi. Kupanda na kuvuna ukitaka kushuti wiki moja, tafuta mashamba mawili yaliyo katika hatua tafauti, na ukubaliane na wenyewe kwa malipo, maana siku wanayokupa wewe ni siku ya bamvua waliyoipoteza wao.

Kurasa 10 za skripti ni kama dakika 10 za filamu. Nje, kwa watu wasiozoea kamera, kurasa 3 kwa siku ndiyo kiwango cha mtu mwenye akili. Weka siku 4 na moja ya akiba. Watu 5 wa kazi wanatosha, na mmoja wao kazi yake iwe chakula, maji ya kunywa na nguo kavu. Sikwambii utani. Na masika usiyaguse.

Karatasi. Kabla ya siku ya kwanza ya kushuti, nenda Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, BASSFU, na skripti yako na orodha ya lokesheni. Kibali cha Bodi ya Filamu ya Bara hakikufunguli mlango Pemba, wala cha BASSFU hakikutoshi ukivuka kwenda kushuti Tanga. Ukishapata, mwendee sheha wa kila shehia na nakala mkononi. Hata ukiwa na vibali vyote, watu wa kijiji watamuuliza yeye kwanza. Droni ina kibali chake cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Mimi ningeiacha: picha ya juu ya fukwe kila hoteli inayo.

Kila anayeonekana na kusikika atie saini fomu ya ridhaa, ya Kiswahili, ukurasa mmoja: jina, namba ya kitambulisho, jina la filamu, kwamba inaweza kuonyeshwa popote na kwa njia yoyote, malipo yake, tarehe. Mtoto anasainiwa na mzazi. Mwenye nyumba anasaini ya nyumba yake. Saini zichukuliwe siku ile ile, kabla ya chakula cha mchana. Mtu aliyekwisha kuondoka kwenda Mombasa au Muskat humpati. Ikiwa kisa umekitoa kwa mtu au kitabu, andikianeni kabla hujagusa skripti.

Ile taarab ya zamani uliyoitaja, iache. Wimbo una haki mbili, ya aliyetunga na ya rekodi yenyewe, na ya kwanza ukiipata kwa warithi, ya pili utaitafuta mpaka uchoke. Bora utungiwe. Kuna vijana waliopita Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi hapa Unguja wanaopiga kanuni na udi vizuri khasa. Dakika 3 za muziki mpya zinakutosha, na mkataba useme unaruhusiwa kuutumia ndani ya filamu hii duniani kote bila ya kikomo cha muda. Filamu ikimalizika isajili COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar.

Picha za siku zitunze. Kwa megabiti 100 kwa sekunde, saa 1 inakula gigabaiti 45, kwa hivyo siku 4 za saa moja na nusu ni kama 270. Diski 2 za terabaiti 1, kadi isifutwe mpaka uwe na nakala zote mbili na umezifungua ukaziangalia. Ukija Unguja kuhariri, diski moja ipande boti na wewe, ya pili ibaki Wete kwa mama. Kwa kuhariri, DaVinci Resolve ya bure ina kila unachohitaji; tengeneza proksi, yaani nakala nyepesi za kuhariria, za 1280 kwa 720 ili kompyuta isikwame. Na robo ya pesa zote ibakishe kwa hatua hii. Wengi humaliza fedha ufukweni.

Umeuliza utaishi vipi. Si kwa filamu fupi, shoga yangu. Hiyo ndiyo inayokutambulisha, haikulishi. Riziki ya karibu ni harusi, na hapo wewe una nafasi ambayo mwanamume hana, kwa kuwa sherehe za wanawake haingii. Sharti lake ni amana: nusu ya malipo kabla, iliyobaki kabla hujakabidhi, na picha za ukumbini zisionekane na mtu, hata dakika moja ya kujitangazia. Zikivuja mara moja, hutaitwa tena kisiwa kizima. Riziki ya pili ni kurekodi sauti kwa timu za nje zinazokuja kushuti. Wenye kamera ni wengi mno, wa sauti wa kutegemewa ni wachache, na vifaa ni vile vile ulivyonunua kwa upatu. YouTube usiihesabu mwanzoni: matangazo yanataka wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa katika miezi 12.

Filamu ikiwa tayari usiipandishe mtandaoni. Matamasha mengi yanataka kuwa ya kwanza kuonyesha, na ikishaonekana na kila mtu umejifungia mwenyewe. Wape kiungo cha siri chenye neno la kufungulia. Anza na ZIFF, tamasha letu la filamu hapa Zanzibar, lililoanzishwa 1997. Maonyesho yake ya Ngome Kongwe yanakukutanisha na wageni ambao ungelazimika kuwafuata mbali. Kisha tamasha la Durban, Afrika Kusini, na FESPACO ya Ouagadougou, Burkina Faso, ambayo ni miaka ya witiri tu. Andaa picha tuli 4, muhtasari wa maneno 50 na mwingine wa 150, na tafsiri ya chini kwa Kiingereza, mistari isizidi 2 na kila mstari herufi 42. Penye ada, andika uombe usamehewe. Wengi wana utaratibu huo, wanangoja kuulizwa. Filamu ya pili ukitaka iwe ya kweli na ndefu, Docubox ya Nairobi wanasaidia watengenezaji wa Afrika Mashariki, lakini watataka kuona hii ya kwanza.

Niletee skripti iliyorekebishwa sini za pwani, na kalenda ya bamvua za kuanzia Juni, ulizooneshwa na hao wanawake wenyewe, si za kwenye simu. Maiki nitakuangalizia bei Darajani. Nisalimie mama, na mwambie ile karafuu imefika.

Wasalaam,
Shoga yako, Zuhura