Kabla hujaifungua tovuti ya vijana wenu

Rafiki yangu wa siku nyingi,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, na natumaini nanyi hamjambo. Rasimu ya tovuti ya kikundi chenu imenifikia, nami nimeipitia ukurasa kwa ukurasa. Nianze na sifa, maana unastahili: inafunguka haraka, inasomeka vizuri hata kwenye simu, na ule wito kwa watu wazima wa kujitolea umeuandika vizuri kwa mtu anayedai kila siku kwamba kuandika hakuwezi. Ila nakuomba usiifungue bado.

Itazame ile picha ya kwanza, ya binti aliyeshika kombe. Chini yake umeandika jina moja tu, na najua umefanya hivyo makusudi. Sasa ikuze. Beji iliyo kifuani ina jina la ukoo, na kibao cha shule nyuma yake kinasomeka bila taabu. Halafu ihifadhi kwenye kompyuta yako uone faili lenyewe linaitwaje: jina lake kamili, likifuatiwa na umri. Bila shaka aliyepiga picha alitaka tu asiwachanganye watoto. Lakini mitambo ya kutafuta, kama Google, husoma majina ya mafaili pia. Kisha fungua ukurasa wa ratiba: mazoezi kila Jumamosi, ukumbi umetajwa, saa ya kuanza ipo na saa ya kutawanyika ipo. Basi mtu asiyemjua kabisa mtoto huyu ameshapata sura, jina, umri, shule, na mahali atakapokuwa Jumamosi ijayo. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho kingekushtua kikiwa peke yake, na ndiyo maana hukukiona. Taarifa huanza kuwa na hatari pale zinapokutana.

Kwa hiyo shika kanuni hii ya zamani: penye picha jina lisiwepo, penye jina picha isiwepo. Ukimpongeza mshindi kwa jina, weka picha ya kombe peke yake. Na picha za mikono inayofunga mafundo, au kundi zima likionekana kwa mbali, husimulia mazoezi vizuri kuliko watoto waliopangwa mstari wakitazama kamera kama wanasubiri pasipoti.

Kuna kitu kingine ndani ya picha ambacho macho hayakioni. Simu ikiruhusiwa kujua ilipo, huandika latitudo na longitudo ndani ya faili la picha, pamoja na tarehe na saa. Usahihi wake mara nyingi ni wa mita chache, yaani unatosha kuonyesha nyumba. Picha inayopitia WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa na taarifa hizo huondolewa, lakini ikitumwa kama dokumenti inafika nazo zote. Nyingi za picha zako zimekuja hivyo, kwa sababu uliwaambia wazazi wazitume zikiwa na ubora kamili. Ile ya sherehe ya kuzaliwa ilinionyesha ilikopigwa, na sidhani kama ni ukumbini. Zipitishe zote kwenye programu inayofuta taarifa hizo kabla hujazipandisha.

Sasa ukurasa wa wazazi. Hapa sitakuwa mpole. Umeweka majina, namba za simu, nani anamchukua nani baada ya mazoezi, na orodha ya watoto wenye mzio na dawa wanazotumia. Unasema haumo kwenye menyu na kwamba umeutaja kwenye robots.txt, lile faili la maelekezo kwa mitambo ya kutafuta, ili isiufikie. Faili hilo ni ombi tu; mtambo mstaarabu huliheshimu, mwingine hulipuuza. Isitoshe, liko wazi kwa yeyote, kwa hiyo kuutaja ukurasa humo ni sawa na kubandika kibao kinachosema ufunguo uko chini ya mkeka. Hata nywila moja ikigawiwa familia zote, baada ya muda itakuwa kwa mabibi, kwa majirani na kwa waliokwisha kuhama kikundi. Jiulize nani hasa anahitaji orodha ile. Ya mzio inamhusu kiongozi aliye na watoto siku hiyo, na anayepika safarini. Iwe mikononi mwao, si mtandaoni. Namba za simu abaki nazo mratibu, naye ndiye awaunganishe wazazi wanaotaka kuzungumza.

Jambo dogo, lakini lilinitoa jasho. Kwenye ile PDF ya matokeo umezifunika tarehe za kuzaliwa kwa mistari myeusi. Niliburuta kipanya juu ya mstari, nikanakili, nikabandika kwengine: tarehe zikatoka zote, safi. Wino ule umelala juu ya maandishi tu. Futa safu yenyewe kwenye jedwali la asili, kisha utengeneze faili upya.

Ratiba nayo usiianike. Tovuti iseme mnakutana mwishoni mwa wiki na mtu awasiliane nanyi kwa maelezo. Saa na mahali viende kwa wazazi kwa ujumbe. Habari za safari zitoke watoto wakisharudi makwao.

Kuhusu ridhaa, fomu yako ina kisanduku kimoja: mzazi akikiweka alama amekubali kila kitu, asipokiweka mtoto hapokelewi. Hiyo si ridhaa. Tenganisha kujiunga, picha za ndani ya kikundi, na picha za hadharani, na mruhusu mtu kubadili mawazo baadaye bila kuhojiwa. Usidai sababu. Yupo mama aliyemkimbia mume mpigaji, yupo mtoto anayelelewa na familia nyingine kwa amri ya mahakama, na kwao picha moja yenye jina la ukumbi inaweza kumwelekeza mtu wasiyetaka awapate. Hawana wajibu wa kukusimulia hayo ndipo uwaelewe. Na mtoto wao asitolewe pembeni mbele ya wenzake kila kamera ikiinuliwa; piga picha mbili, moja ya wote kwa ajili yao wenyewe, nyingine ya wachache wanaoshika vifaa.

Muulize na mtoto. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 16, unamlinda mtoto dhidi ya kuingiliwa isivyo halali katika faragha yake, familia yake na nyumba yake. Haki hiyo ni yake mwenyewe, si ya mzazi peke yake. Wa miaka 8 anayecheka akiwa na matope usoni atafika miaka 16, na huenda picha ile isimchekeshe tena.

Ndiyo maana nataka kila picha iwe na tarehe ya kuondoka. Ukiondoa, futa faili kwenye seva, usiondoe kiungo tu. Hata hivyo Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, imekuwa ikihifadhi nakala za kurasa za tovuti tangu 1996, kwa hiyo kinachotoka leo kinaweza kubaki kwingine hata ukikifuta kwako. Unaweza kuwaandikia kuomba nakala iondolewe, lakini ni rahisi zaidi kutoiweka tangu mwanzo.

Najua viongozi wenzako watasema tovuti isiyo na sura za watoto haivutii wafadhili. Waambie wanitafute, nibishane nao mimi. Wewe anza na ukurasa wa wazazi, uutoe leo hii. Mengine yanaweza kungoja. Jumapili alasiri nina nafasi, nipigie tuiandike fomu mpya pamoja. Na mpiga picha wenu usimgombeze, mwambie tu ayape mafaili ya picha namba badala ya majina ya watoto.

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi, rafiki yako