Sitaki kuzikwa na mbwa, lakini asitupwe mtaroni

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita tukiwa kwa kinyozi hapa Tabata, mmoja wetu alisoma kwa sauti kwenye simu kwamba Marekani watu wanaruhusiwa kuzikwa na mbwa wao. Kilizuka kicheko hadi kinyozi akazima mashine. "Dunia imekwisha hii," akasema mzee mwenzangu. Nilicheka na mimi, kisha nikanyamaza, maana nilikuwa na la kwangu.

Kwanza niwatetee kidogo wanaochekwa. Sheria ya jimbo la New York ya mwaka 2016 haikusema kila mtu aingie makaburini na mbwa wake. Kinachoruhusiwa ni majivu ya mnyama aliyechomwa, tena uongozi wa makaburi ukiridhia, na makaburi ya taasisi za dini hayakuguswa. Jimbo la Virginia, waliotangulia mwaka 2014, wanataka sehemu ya kuzikia watu na wanyama itengwe na iwekwe alama, asije mtu akamzika mama yake hapo bila kujua. Anayetaka ana pake, asiyetaka hasumbuliwi. Nilipomweleza hivyo jirani yangu, ambaye ni Mwislamu, akaniambia: "Hapo sawa, Mwalimu. Mbwa wako nilimheshimu, lakini Kisutu hapana." Sidai makaburi ya Kisutu, wala ya Kinondoni. Mimi mwenyewe sitaki kulazwa na mbwa.

La kwangu ni hili. Mwezi Machi mbwa wangu alikufa kwa uzee, baada ya kulinda nyumba miaka kumi na mmoja. Uwani kwangu kote kumesakafiwa, na kipande cha udongo kilichobaki kiko hatua saba tu kutoka kisimani. Kumfukia pale ni sawa na kunywa mzoga. Nikapiga simu ofisi mbili tatu, kila moja ikinielekeza kwa nyingine. Mwisho nikamwita kijana wa guta, nikampa shilingi elfu kumi. Nilimtia mbwa kwenye salfeti ya mchele, nikaishona mdomo kwa kamba ya buluu.

"Unampeleka wapi?"

"Mbele huko, mzee."

Siku ya tatu, asubuhi nikienda dukani, niliiona kamba yangu ya buluu mtaroni. Salfeti imevimba, nzi wamejaa, na watoto wa shule wanapita wameziba pua kwa kola za mashati. Kijana simlaumu. Angempeleka wapi?

Tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, na ni jambo jema. Lakini mwenye mbwa wa Tabata akiuliza amzike wapi, hakuna wa kumjibu. Na huyu wangu alikufa kwa uzee. Aliyekufa kwa kichaa cha mbwa je, naye anatupwa mtaroni mbwa koko wamtafune?

Kuna jambo jingine kwenye habari ile ambalo wachekaji hawakulisikia: baadhi ya makaburi hayo ni ya kutunza mazingira. Uingereza walianza na eneo la namna hiyo katika mji wa Carlisle mwaka 1993, watu wanazikwa chini ya miti, bila saruji, kwenye jeneza jepesi linalooza upesi. Jirani yangu hapo hakushangaa hata kidogo. Sanda na udongo ndiyo mazishi yao siku zote. Ni sisi wengine tuliogeuza kaburi kuwa sebule: vigae, marumaru, mwingine anaezeka na bati kabisa. Nenda Kinondoni uone, huwezi kupita bila kumkanyaga marehemu wa mtu.

Kwa hiyo ombi langu kwa manispaa zetu ni dogo. Kila moja itenge ekari moja au mbili pembezoni, mbali na visima na mabonde ya maji, kwa ajili ya wanyama peke yao. Mashimo yachimbwe ya kina, juu ipandwe miti badala ya saruji. Afisa mifugo wa kata awe na daftari: mnyama gani, kafa kwa nini, kafukiwa lini. Na ada ijulikane. Elfu kumi niliitoa bila kunung'unika na ningeitoa tena, ila safari hii nataka stakabadhi.

Mwalimu mstaafu,
Tabata, Dar es Salaam