Risiti zimefutika, siri za watu zimebaki

Mhariri,

Mkaguzi wa hesabu alipoiomba asasi yetu isiyo ya faida risiti za miaka mitatu nyuma, tulifungua boksi tukakuta vikaratasi vyeupe: maandishi ya mashine yalishafutika. Kumbe tulitakiwa kuzitoa nakala mapema. Cha ajabu, fomu za wanufaika wa mradi uliokwisha zamani, zenye majina na magonjwa yao, zilikuwa nzima kabatini, hata kufuli hakuna!

Asasi nyingi zisizo za faida hutunza nyaraka kinyumenyume hivi. Katiba na mihtasari ya vikao haitupwi kamwe. Hati za malipo hukaa muda uliowekwa na sheria na mikataba ya wafadhili, ndipo zichanwe vipande na daftari lioneshe nani kaidhinisha. Ila kukiwa na kesi au uchunguzi, hakuna kugusa hata bahasha.

Mweka hazina mstaafu