Kwa nini tunapiga RAW lakini tunakukabidhi JPEG

Wateja wengi wakishapokea picha zao hutuuliza: "Na zile RAW je?" Wamesikia kwamba ndizo zenye ubora wa juu, hivyo wanahisi tumewanyima kitu.

Ukweli ni kwamba RAW bado si picha kamili. Ni kumbukumbu ya mwanga ulioingia kwenye sensa (kipande cha kamera kinachopokea mwanga), kabla ya kuamuliwa rangi ziweje na weusi uwe mzito kiasi gani. Ukipiga JPEG, yaani faili la picha iliyokwisha kukamilishwa, kamera huamua yote hayo papo hapo, na data isiyoihitaji inaitupa.

Inachotupa si haba. JPEG hubeba biti 8 kwa kila rangi ya msingi, yaani ngazi 256 kutoka giza hadi mwanga. RAW ya biti 14 ina ngazi 16,384. Ukizitazama tu, huenda usione tofauti. Subiri mhariri aanze kazi. Suti nyeusi ya bwana harusi imemezwa na kivuli. Ukiiongezea mwanga kwenye JPEG, yanatokea mabaka na chengachenga, ilhali kwenye RAW mikunjo ya kitambaa hujitokeza. Taa za ukumbi nazo zikilifanya gauni jeupe lionekane la manjano, kwenye RAW tunarekebisha rangi kana kwamba tumeirekebisha kabla ya kupiga. Kwenye JPEG unaweza kuliweka gauni sawa, halafu nyuso zikageuka samawati.

Hata hivyo, RAW haifanyi miujiza. Mwanga ukizidi hadi sensa ikajaa, nakshi za gauni hazikurekodiwa popote, na hakuna programu ya kuzirudisha. Ndiyo maana sisi huona afadhali picha iwe na giza kidogo wakati wa kupiga. Ukichungulia kioo cha kamera yetu siku hiyo, usishtuke.

Si kila kazi inadai RAW. Picha za pasipoti, taa zikiwa zimeshapangwa, tunapiga JPEG bila wasiwasi. Kwenye michezo pia, kwa sababu mafaili ya RAW ni mazito: kamera ya megapikseli 24 inaweza kutoa faili la megabaiti 25 au zaidi, na ukipiga mfululizo kamera nyingi husita kidogo zikisubiri kadi imalize kuhifadhi. Harusi, mahafali ya ukumbini, bidhaa ambazo rangi yake lazima iwe sahihi: hapo hatubahatishi, ni RAW.

Tukikupa RAW zenyewe, huenda simu yako isizifungue, au ikakuonyesha tu kijipicha cha JPEG kilichopachikwa ndani yake. Kompyuta nayo inahitaji programu inayoelewa aina ya RAW ya kamera husika, kama CR3 za Canon, NEF za Nikon au ARW za Sony. Na zikifunguka, mara nyingi zimepooza, hazina mvuto. Kama una mhariri wako, tuambie kabla ya siku ya kazi tuliingize suala hilo kwenye makubaliano.

Ukishapata JPEG zako, kuzifungua na kuzinakili hakuzipunguzii kitu. Kinachoziharibu ni kuzihariri na kuzihifadhi upya mara kwa mara, maana kila mara zinabanwa tena. WhatsApp nayo huzibana ukizituma kama picha za kawaida. Ukitaka tukuchapie bango, zitume kama faili la hati, au tuletee kwenye flashi diski.