Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: nani anamsimamia mwanafunzi akiwa na mteja?

Mheshimiwa Waziri,

Nasoma shahada ya uzamili ya saikolojia ya tiba na ushauri nasaha. Sikuandikii kuhusu ada, ingawa ningeweza, wala tasnifu. Nina jambo moja tu: mafunzo kwa vitendo, na mtu anayepaswa kuyasimamia.

Tangazo la udahili hutaja sifa za mwombaji, muda wa masomo na kiasi cha kulipa. Mara nyingi halisemi mwanafunzi atawaona wateja, yaani watu wanaokuja kutafuta msaada, wapi, kwa saa ngapi, chini ya nani. Mwombaji naye haulizi, maana hajui kama hilo ni la kuuliza. Hulijua siku anapokabidhiwa barua ya utambulisho na kuambiwa ajitafutie kituo.

Hapo kila mmoja huenda anakojuana na watu. Mwenye bahati hupata hospitali yenye mwanasaikolojia tiba anayemkalisha pembeni kwanza, amwone akimhoji mgonjwa, ndipo ampe mteja wake mwenyewe. Mwingine huishia kupanga mafaili mapokezini. Wa tatu, na huyu ndiye anayenikosesha usingizi, huachwa chumbani peke yake na mtu aliyetoka kusema anataka kujiua, na hana wa kumpigia simu. Mwisho wa yote, wote watatu hupewa cheti kilekile.

Chukua dodoso la PHQ-9 la kupima sonona. Lina maswali tisa na alama 0 hadi 27. Kujumlisha alama unafundishwa na kumaliza katika kipindi kimoja. Swali la tisa linauliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Mteja akijibu kwamba huyapata karibu kila siku, utamuuliza nini baada ya hapo, kwa sauti gani, na utamruhusu aende nyumbani? Hayo hufundishwa na msimamizi.

Na kusimamia si kutia saini daftari la mahudhurio. Mwanasaikolojia Mmarekani Carl Rogers alirekodi vikao vya ushauri, na mwaka 1942 akachapisha mazungumzo ya mteja mmoja tangu kikao cha kwanza hadi cha mwisho. Kuna faida kubwa katika hilo: mwanafunzi akisimulia kikao chake kwa kumbukumbu, husimulia alichokusudia kufanya. Rekodi, mteja akiridhia, humwonyesha alipomkatiza mtu aliyekuwa karibu kulia.

Nchini Marekani, programu zenye ithibati ya CACREP, chombo kinachokagua mafunzo ya ushauri nasaha vyuoni, humtaka mwanafunzi wa ushauri nasaha atimize saa 100 za awali, 40 kati yake akiwa na wateja, kisha saa 600 za mafunzo kazini, 240 zikiwa na wateja, huku akikutana na msimamizi kila wiki. Afrika Kusini, anayetaka kuwa mwanasaikolojia tiba huongeza miezi 12 ya mafunzo kazini na mwaka mmoja wa kuhudumia jamii. Kwa hiyo jina la shahada peke yake halisemi mtu anaweza nini.

Ninachoomba ni kwamba chuo kisiruhusiwe kudahili kwa kozi hii mpaka kionyeshe mikataba na vituo, orodha ya wasimamizi wenye leseni, na malipo yao, kwa sababu wengi hufanya kazi hii bure baada ya zamu. Vyuo vitajibu kwamba wasimamizi hawatoshi. Naamini ni kweli. Basi wadahiliwe wanafunzi wachache, kwa idadi ya wasimamizi waliopo.

Walio vituoni sasa hawawezi kusubiri mtaala mpya. Kwa hao, waraka mmoja kutoka ofisini kwako unatosha: kila mwanafunzi, kabla ya kumpokea mteja mwingine, apewe jina na namba ya simu ya mtaalamu anayewajibika kupokea simu yake.

Wako mtiifu,
Mwanafunzi wa uzamili