Barua kwa Mwanangu Mwenye Duka la Saruji

Mwanangu,

Marahaba. Tanga nilifika salama, ila magoti bado yananinung'unikia kwa safari ya basi.

Siku ile dukani kwako Kariakoo nilinyamaza, maana bosi hakemewi mbele ya vibarua wake. Sasa nasema. Yule mama aliyekuja kuulizia nondo alikupita wewe uliyekaa mlangoni, akaenda kumwuliza kijana wa mkokoteni, "Bosi yupo?" Kijana akakuonyesha. Mama akakutazama kuanzia kandambili, akapanda kwenye pensi, akaishia kwenye jezi ya Yanga, akasema atarudi. Hakurudi. (Na jezi yenyewe! Msimbazi, kwa watani wenu Simba, iko hapo pua na mdomo, unadhani wateja wako wote ni wa Jangwani?)

Nilipokugusia kwenye simu ukacheka: "Baba, niuze saruji na suti?" Nani kasema suti? Miaka yote niliyokaa kwenye cherehani najua kwamba Dar ya mwezi wa Februari tai ni kitanzi. Wazee wetu walilijua hilo mapema. Mwalimu Nyerere na Kaunda wa Zambia walivaa zile suti za mikono mifupi, bila tai, shingo inapumua, na hakuna aliyewahi kuuliza rais ni yupi. Kaunda suti nimeshona nyingi. Siri yake haikuwa kitambaa, ilikuwa bega.

Basi na wewe anzia begani. Ukienda Karume kuchagua shati la mtumba, mshono wa bega ukae juu ya mfupa. Ukiteremkia mkononi, liache hata ukipewa bure. Kiuno fundi yeyote atakipunguza, pindo ni kazi ya dakika chache, lakini bega ni kulifumua shati zima.

Suruali iwe kadeti, si modo ya kubana, maana kutwa unapanda ngazi na kuinama stoo. Rangi ya kijivu au ya udongo. Nyeusi iogope: vumbi la saruji likitua juu yake utaonekana umetoka kusukuma chapati. Siku za kupokea mzigo fulana ya kola inatosha, ile mnayoiita fomu siksi, ilimradi kola haijajikunja kama sikio la mbuzi. Viatu vifunike vidole, na hilo si la urembo. Nondo ikiponyoka haichagui mguu wa bosi.

Nyuma ya kaunta tundika shati moja jeupe la mikono mirefu, lililopigwa pasi, ulifunike kwa kanga vumbi lisiliguse. Ukiitwa benki ghafla, au akitokea mkandarasi anayetaka mifuko mia tano, unabadili upesi na kumrudia. Vijana nao wape fulana za rangi moja. Mteja akiingia, asiyevaa hiyo ndiye wewe.

Nimekushonea mashati mawili kwa kipimo cha lile kuukuu uliloliacha hapa. Ubavuni nimebakiza kitambaa cha kuachia, kwa sababu mama yako ameiona picha yako ya Idi na ameshasema ya kusema. Mzigo unakuja na basi la Jumatano, konda atakupigia. Jezi vaa Jumapili.

Baba yako