Bomba la mafuta la Sudan Kusini si koki ya kufungua na kufunga

Ndugu Mhariri,

Kila mafuta ya Sudan Kusini yanapokwama, maswali mawili hurudi magazetini na vijiweni. Kwa nini bomba lisifunguliwe tu mara mapigano yanapotulia Sudan, nchi linakopitia hadi baharini? Na kwa nini mafuta hayo yasipakiwe kwenye malori yakaletwa Mombasa? Ni maswali ya haki, hasa kwa wafanyabiashara wa Kenya na Uganda wanaodai fedha zao Juba. Lakini majibu mengi yanayotolewa hayagusi kabisa kile kinachopita ndani ya bomba lenyewe. Naomba nafasi nikieleze, kwa sababu mishahara, thamani ya paundi na barabara za nchi ile vyote vinategemea tabia ya kimiminika hicho.

Mafuta ghafi ya Paloch, katika jimbo la Upper Nile, huuzwa kwa jina la Dar Blend. Ni mazito, yana asidi nyingi, na yamejaa nta. Yakitoka ardhini yana moto na hutiririka vizuri. Yakipoa hadi kati ya nyuzi 30 na 40 za Selsiasi huanza kuganda. Aliyewahi kuona mafuta ya nazi msimu wa kipupwe ameshaelewa nusu ya habari. Nusu iliyobaki ni kwamba chupa ya mafuta ya nazi unaweza kuianika juani, ilhali haya huganda ndani ya chuma chenye kipenyo cha inchi 32, kilichofukiwa ardhini kwa zaidi ya kilomita 1,300, kutoka Paloch hadi kituo cha kupakilia meli cha Bashayer, karibu na Port Sudan. Bomba hilo lilianza kazi mwaka 2006. Bomba la kwanza, lililofunguliwa 1999, hupitia Heglig, upande wa Sudan, likichukua mafuta ya jimbo la Unity, na lina urefu wa takriban kilomita 1,600. Mafuta yake ni mepesi zaidi, lakini nayo yana nta.

Sasa tupige hesabu. Bomba la inchi 32 hubeba takriban mapipa 3,000 katika kila kilomita. Kwa urefu wote huo, karibu mapipa milioni 4 yamo njiani wakati wowote, kabla pipa moja halijaingia melini. Visima vikitoa mapipa 100,000 kwa siku, pipa linaloondoka Paloch leo litafika baharini baada ya siku 40 hivi. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Hudhani kwamba uzalishaji ukishuka, kazi ya bomba inapungua na hivyo inakuwa nyepesi. Ni kinyume chake. Mafuta yakienda polepole hukaa ardhini muda mrefu zaidi, hupoa zaidi, na nta hujipaka ukutani mwa bomba tabaka juu ya tabaka. Njia ya kupita inakuwa nyembamba na pampu zinasukuma kwa nguvu kubwa zaidi ili kupitisha mafuta machache zaidi. Bomba hili lilijengwa kwa matarajio ya kiasi kikubwa kuliko kinachopita sasa. Kulitumia kidogo ni hatari yenyewe.

Ili yasigande, mambo matatu lazima yaende pamoja bila kukatika. Mafuta yapashwe moto. Yatiwe kemikali ya kuzuia chembe za nta zisishikamane. Na pampu zisisimame. Kemikali hiyo hutiwa mafuta yakiwa bado moto, kabla nta haijaanza kujitenga. Mafuta yakishaganda, kumwaga kemikali juu yake ni kupoteza fedha. Pampu na vipasha moto vya njiani navyo vinahitaji nishati, na katika jangwa la Sudan hakuna gridi ya kutegemea. Vinahitaji dizeli, na dizeli hiyo inapaswa kufika kwa lori.

Hicho ndicho kilichovunjika. Vita vilianza Sudan Aprili 2023. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha al-Jaili, kaskazini mwa Khartoum, kilisimama mwaka huohuo, na dizeli ikawa adimu upande mzima ule. Malori ya kupeleka dizeli kwenye vituo vya pampu yakawa yanapita katikati ya pande mbili zinazopigana. Februari 2024, ikiwa bado msimu wa ubaridi, mafuta yaliganda katika eneo la mapigano na bomba likapasuka. Machi, serikali ya Sudan ikatangaza kwamba haiwezi kutimiza wajibu wake wa kusafirisha, kwa sababu zilizo nje ya uwezo wake. Tangazo hilo liliondolewa Januari 2025. Karibu mwaka mzima, basi, ulipotea, na chanzo kikubwa kilikuwa matangi ya dizeli yaliyokauka.

Kulifungua bomba lililoganda si suala la kugeuza vali. Ukikisukuma kipande kirefu cha mafuta yaliyoganda kwa mkupuo, msukumo unaohitajika unazidi uwezo wa chuma, na kinachofunguka ni bomba kupasuka mahali pengine. Kwa hiyo mafundi hulikata kazi vipande vifupi. Wanatoboa bomba sehemu kadhaa, wanafunga vali za muda, wanaingiza dizeli au maji ya moto, wanasogeza kipande kimoja, kisha wanakwenda kwenye kinachofuata. Kila tundu linahitaji shimo lililochimbwa, mchomeleaji mwenye ujuzi, lori la tangi na ulinzi. Mkiwa na amani hiyo ni kazi ya miezi. Mkiwa na risasi juu ya vichwa, nani ataishika?

Kufunga kwa mpango ni jambo jingine kabisa. Unapojua mapema kwamba bomba litasimama, unasukuma maji nyuma ya mafuta hadi mafuta yote yatoke upande wa pili, na bomba linalala likiwa na maji, ambayo hayagandi kwenye joto la kule. Lakini ili kulijaza maji unahitaji wiki kadhaa za pampu zinazofanya kazi, na kwa hiyo wiki kadhaa za dizeli. Anayesubiri hadi tangi la mwisho liwe tupu ndipo atoe amri ya kufunga amechelewa.

Visima navyo vina kumbukumbu. Januari 2012 Juba ilisimamisha uzalishaji kwa sababu ya mzozo na Khartoum kuhusu ada za kupitisha mafuta, wakati nchi ikitoa karibu mapipa 350,000 kwa siku. Mafuta yalianza kutoka tena Aprili 2013, na kiwango kile hakijarudi hadi leo. Vita vya ndani vilivyoanza Desemba 2013 vina sehemu kubwa ya lawama, lakini si yote. Kisima kikisimama muda mrefu, maji ya ardhini hupanda na kushika nafasi ya mafuta, mchanga huziba, pampu ya chini hukwama, na mabomba madogo yanayotoka kisimani hadi kituo cha kukusanyia huganda kwanza kabla ya lile kubwa. Maji hayo yanayopanda na mafuta yana chumvi na kemikali, na mabwawa ya kuyahifadhi yakizidiwa wakati wa mafuriko, wanaoumia ni wafugaji wa jirani. Sheria ya 2013 ya kusimamia mapato ya petroli inawapa asilimia 3 jamii za maeneo yanayozalisha, na asilimia 2 majimbo yao. Haki hiyo haipaswi kusahauliwa kila bomba linapofunguliwa upya na kila mtu akakimbilia kulipa madeni.

Nije kwenye malori. Lori la tangi la lita 36,000 linabeba takriban mapipa 226. Mapipa 100,000 kwa siku ni malori 440 kila siku, yaani lori moja liondoke kila baada ya dakika tatu na kitu, usiku na mchana. Safari ya kwenda na kurudi ikichukua siku 20 tu, na huko ni kukadiria kwa huruma, mnahitaji malori karibu 9,000 ya kazi hiyo peke yake. Paloch iko zaidi ya kilomita 600 kaskazini mwa Juba kwa mstari ulionyooka, na ardhi ya huko ni udongo mweusi wa mfinyanzi ambao mvua ikinyesha hugeuka gundi. Tena, tangi la kawaida halifai, kwa kuwa mafuta yangefika Mombasa yakiwa kipande kimoja kigumu.

Kenya ilishajaribu jambo hilo kwa udogo. Kuanzia Juni 2018, mafuta ya Lokichar, Turkana, ambayo nayo yana nta, yalisafirishwa hadi Mombasa kwa matangi maalumu ya kuhifadhi joto. Ilipofika Agosti 2019 ndipo shehena ya kwanza ya zaidi ya mapipa 200,000 ikauzwa nje. Miezi 14. Mabomba ya Sudan Kusini kabla ya 2012 yalipitisha kiasi hicho kwa chini ya siku moja.

Bomba jipya la kuelekea Lamu ni hoja nzito zaidi, na siidharau. Uganda na Tanzania nazo zimechagua kujenga bomba jipya, ingawa si la Lamu: bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lenye inchi 24, limefunikwa kwa kuhifadhi joto na kuwekewa nyaya za umeme za kulipasha moto safari nzima, mafuta yasishuke chini ya nyuzi 50. Sudan Kusini ingehitaji kitu cha namna hiyo hiyo. Lakini bomba la aina hii hulipwa na mapipa yatakayopita kwa miaka 20 na zaidi, na visima vya Paloch na Unity vinazeeka. Kwa maoni yangu, kabla ya kuzungumzia mkopo wa bomba, fedha ziende kwanza kwenye utafutaji wa mafuta mapya, na mazungumzo na Kenya yawe ya kuungana Lokichar ili gharama ya kipande cha mwisho hadi baharini igawanywe.

Wakati huohuo kuna njia nyingine ambayo haigandi, nayo ni barabara ya Juba hadi Nimule, mpakani na Uganda, kilomita 192 za lami zilizokamilika 2012. Mafuta huleta karibu asilimia 90 ya mapato ya serikali; ushuru unaokusanywa Nimule ni sehemu kubwa ya kile kinachobaki, na ndio uliokuwa ukiingia wakati bomba limekufa. Barabara hiyo inauawa na uzito. Ekseli ikibeba mara mbili ya kiwango chake, uharibifu hauwi mara mbili, unakaribia mara 16. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Sudan Kusini ilijiunga nayo 2016, inaweka ukomo wa tani 56 kwa lori zima. Mizani inayofanya kazi na mitaro iliyozibuliwa kabla ya mvua za Aprili ni nafuu mno kuliko kuitandika upya.

Ninachopendekeza kwa bomba ni hiki. Kila kituo cha pampu kiwe na dizeli ya kutosha siku 60, kiasi kinachozidi siku 40 hivi ambazo maji, kama mafuta, yangechukua kulijaza bomba zima, na akiba hiyo ikigusa siku 45 amri ya kufunga kwa mpango itolewe bila kusubiri kikao. Kemikali ya nta iwekwe Paloch ya angalau msimu mmoja. Gharama yake ikatwe kwenye kila shehena kabla fedha hazijafika hazina, maana zikishafika huko wenye madeni wako mlangoni. Na Wizara ya Petroli ichapishe kila mwezi namba tatu: joto la mafuta yanapofika kila kituo, siku za dizeli zilizobaki, na mapipa yanayopita. Mwenye duka la jumla Eldoret au Kampala akiziona namba hizo zikishuka atajua wiki kadhaa mapema kwamba malipo ya Juba yatachelewa, na ataamua mwenyewe kama apakie lori jingine kwa mkopo.

Mhandisi wa mabomba,
Juba